Ukisikia Kiswahili, Piga Risasi

Nataka niseme wazi tangu mwanzo, asije mtu akanambia kuwa naongea kama mzee asiyejua kitu: Resident Evil 5 ni gemu nzuri kuicheza. Nimeicheza mwenyewe mwanzo mpaka mwisho, na si mara moja. Ilitoka Machi 2009, watengenezaji wake ni kampuni ya Capcom ya Japani, na mpaka leo ukimkuta kijana wa Seeb au wa Al Khuwair aliyekua na PlayStation atakupa khabari zake kwa furaha. Mnacheza wawili. Mmoja anakuwa Chris Redfield, Mmarekani mwenye mikono kama magogo ya mnazi, na mwengine anakuwa Sheva Alomar, dada wa Kiafrika. Risasi hazitoshi kamwe. Mwenzio akiishiwa unampa zako, akiangushwa una sekunde chache tu za kumfikia umwinue. Kutembea na kulenga kwa pamoja huwezi. Ukitaka kupiga lazima usimame, na huku kundi linakujia. Ukifungua mfuko kutafuta dawa, mchezo hausimami kukungojea. Hofu yote ya gemu imo humo, kwenye hesabu ya risasi na kwenye kumtegemea mwenzio. Aliyebuni mambo haya anaijua kazi yake, na mimi simnyimi haki yake.

Ugomvi wangu ni na aliyeandika hadithi.

Kwa asiyeijua, hadithi yenyewe ni hii. Chris anatumwa sehemu ya Afrika iitwayo Kijuju kumkamata mfanyabiashara wa silaha, mtu mmoja anaitwa Irving. Akifika anakuta wenyeji wameambukizwa mdudu anayeingia mwilini na kuitawala akili. Watu hao wanamvamia kwa mapanga, kwa mashoka, kwa msumeno wa injini. Gemu imewapa jina la Majini. Na Majini hao, jamaa zangu, lugha yao ni Kiswahili.

Hebu tuanze na jambo dogo. Kijuju iko wapi? Sheva katika hadithi ni askari wa tawi la Afrika Magharibi la kikosi chao, na hapo Kijuju ndipo kwenye eneo lake la kazi. Basi watu wa Afrika Magharibi wamekisomea wapi Kiswahili mpaka mji mzima, wachinjaji, vibarua na wapita njia, wakipiga kelele wanazipiga kwa lugha ya Unguja na Mombasa? Ni sawa na mtu atengeneze senema ya Maskati, awaweke wauza samaki wa Mutrah wakigombana kwa Kituruki, kwa sababu ati wote ni Waislamu wa upande huo. Hata jina la mahali lenyewe ni la kubahatisha: "ki" wameichukua kwetu, "juju" wameichukua kwa watu wa Afrika Magharibi, wakavigandisha. Mdudu anayeruka baada ya kutoka mwilini mwa mtu wamemwita Kipepeo. Unamwona kabisa mtu aliyekaa na kamusi ya watalii, anachagua neno kwa kuwa linavutia sikio lake, halafu anafunga kamusi.

Neno lililoniudhi zaidi ni Majini. Gemu inaeleza kuwa maana yake ni pepo mbaya kwa Kiswahili, ikaishia hapo. Sisi tuliolelewa Unguja, Pemba, Lamu au Bahla tunajua kuwa neno hili lina uzito kuliko hivyo. Qur'ani ina sura nzima ya majini, sura ya 72, na humo mna majini walioisikiliza Qur'ani wakaamini. Kwa wazee wetu jini ana jina lake, ana kabila lake, ana dini yake. Ana anachokipenda na anachokichukia: ubani huu, marashi yale, rangi fulani. Akimpanda mtu, kazi ya kwanza ni kumsemesha. Unamuuliza ni nani, katoka wapi, anataka nini, na wakati mwengine mazungumzo hayo yanachukua usiku kucha mpaka mkapatana. Mwenye kuamini na aamini, mwenye kukataa na akatae, lakini jini wa Kiswahili ni kiumbe unayezungumza naye. Capcom wamelichukua neno hilo hilo wakampa kiumbe ambaye hawezi kuzungumzika naye hata kidogo, wa kupigwa risasi ya kichwa tu.

Sasa nije kwenye kiini cha maneno yangu. Watu wanaoitetea gemu hii husema, na nimeshayasikia Ruwi, Dubai na kwa simu kutoka London: hadithi mbovu, sawa, lakini nani anacheza Resident Evil kwa ajili ya hadithi? Mchezo wenyewe mtamu, yaliyobaki yapuuzwe. Mimi nasema utamu huo wa mchezo ndio unaoyafanya maandishi yale yawe na madhara. Gemu mbovu haimfundishi mtu kitu, ataicheza robo saa aitupe. Gemu nzuri inafundisha, na inafundisha kwa mwili, siyo kwa maneno. Hii inafundisha sikio. Adui mara nyingi unamsikia kabla ya kumwona. Yuko nyuma ya ukuta wa bati, yuko juu ya paa, yuko chumba cha pili, na sauti inakuja kwanza. Baadhi ya maneno unayashika mara moja, mengine yanapotelea kwenye makelele. Mchezaji, awe wa Osaka au wa Ohio, hajui maana ya hata neno moja, lakini baada ya masaa kumi ya kucheza mkono wake unajua la kufanya. Sauti hiyo ikitokea, geuka, simama, lenga. Ukisikia Kiswahili, piga risasi.

Na angalieni nani hakupewa Kiswahili. Waafrika wawili waliopewa ubinadamu katika hadithi hii ni Sheva na Josh Stone, askari mwenzake. Wana majina, wana huzuni zao, wanafanya mzaha, na mazungumzo yao ni ya Kiingereza. Mpaka kati ya mtu na mnyama umechorwa kwa lugha. Hata rangi ya ngozi haikuchora mpaka huo waziwazi kiasi hicho, maana Sheva ni Mwafrika na amepona. Kilichomtenga na wale wa kuuawa ni ulimi.

Mapema katika gemu kuna tukio moja ambalo kila aliyecheza analikumbuka. Mtu amesimama juu na kipaza sauti anahutubia umati, umati unaitikia, na mbele yao ameshikwa Reynard, aliyekuwa akijifanya muuza nyama lakini ni mtu wa upande wa Chris. Jitu moja lenye shoka kubwa linamkata kichwa. Ndiyo hotuba pekee ya hadhara ninayoikumbuka katika gemu nzima, na hotuba hiyo ni ya kuchochea watu wakatishe roho ya mtu. Lugha ya utenzi na maulidi, ya wasomi wa kutunga beti mia bila kukosea kina, imepandishwa jukwaani mara hiyo tu.

Mtu aliye mbali ataniuliza, inakuuma nini? Namjibu kwa kisa cha nyumbani. Mpwa wangu alikuwa na miaka kumi na mbili hivi alipoipata gemu hii kwa rafiki yake. Umri wake haukuruhusu, najua, lakini nani nyumbani alikuwa akisoma maandishi madogo ya kwenye kasha? Siku moja tumekaa baada ya Laasiri, yeye chumba cha ndani, mama yangu, yaani bibi yake, yuko sebuleni anachambua mchele. Mtoto akatoka mbio, uso unang'aa, akasema: "Bibi, bibi! Wanasema kama wewe!" Kwa Kiarabu alisema, maana kwa Kiswahili kile kijana anajibu maneno mawili matatu tu, kama wenziwe wa rika lake. Mama akainuka, akaenda kusimama mlangoni, akatazama watu wanavyovunja milango na kuangushwa. Akasikiliza kidogo. Akaniuliza mimi, siyo mtoto: "Hawa ndio akina nani? Mbona hawapigi hodi?" Tulicheka, na mimi nilicheka. Kisha akarudi kwenye mchele wake, na nikaona kuwa yeye hakucheka.

Mama yangu ni katika wale waliotoka Unguja baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na akafika hapa miaka ya sabini, Sultan Qaboos alipofungua milango. Wasomaji wenye umri wangu wanajua Kiswahili kilivyoishi Maskati tangu hapo. Si lugha ya skuli wala ya ofisi. Ni lugha ya jikoni, ya harusini, ya msibani, ya wazee barazani Wadi Kabir. Wengi wetu tuliwahi kuteremsha sauti tukiwa dukani, tusiulizwe sisi ni kina nani na Uarabu wetu ni wa namna gani. Watoto wanasikia na kuelewa, ila hawajibu. Wajukuu wengine hata kusikia imekuwa taabu. Kwa mtoto kama mpwa wangu, ambaye hajawahi kukisikia Kiswahili nje ya mdomo wa bibi yake, sauti ya pili duniani kumsemesha kwa lugha hiyo ilikuwa ya mtu mwenye panga. Na alifurahi! Hilo ndilo linalonikaa rohoni. Alifurahi kwa sababu lugha ya nyumbani kwao imeonekana kwenye kioo, kwenye kitu chenye thamani machoni pa wenziwe.

Nataka niyajibu mawili matatu wanayoyasema watetezi.

Wanasema Wahispania nao walifanyiwa hivyo hivyo. Kweli, toleo la nne, la mwaka 2005, liliwaweka wanakijiji wa Hispania wanaosema Kihispania, na nao wanapigwa risasi vile vile. Lakini mtoto wa Kihispania akizima gemu hiyo anawasha televisheni, anakuta mpira, tamthilia, katuni na magemu mengine mia kwa lugha yake. Tusi moja kwake ni tone baharini. Sisi bahari hiyo hatuna. Wanasema tena kwamba matoleo ya mwanzo walipigwa mazombi wa Kimarekani, weupe. Naam, lakini mazombi wale wanaguna tu. Kiingereza hakikuachiwa mazombi. Kiingereza alibaki nacho shujaa, na hata maiti wameacha shajara zao mezani ili uwahurumie.

Wengine wanasema suala hili limeshaamuliwa. Picha za gemu zilipoonyeshwa mwaka 2007, na mwaka uliofuata N'Gai Croal wa jarida la Newsweek akaeleza kuwa picha za namna ile zina historia yake ya chuki, mjadala ulikuwa mkubwa. Bodi ya Uingereza iliyokuwa wakati huo ikipanga umri wa filamu na michezo ilitizama mwaka 2009 ikasema haikuona ubaguzi. Haya. Mjadala ule ulikuwa wa rangi, wa Wamarekani na Waingereza na mizigo yao, na siwanyimi. Ila sikumbuki hata mmoja kati yao aliyetuuliza sisi wenye lugha.

Na kuna wasemao kuwa Wajapani hawakukusudia ubaya. Yawezekana. Jun Takeuchi, mtayarishaji wake, filamu ya Black Hawk Down ilikuwa miongoni mwa vilivyomwathiri katika kupanga mandhari ya gemu. Hiyo ni filamu ya 2001 kuhusu Mogadishu, iliyopigwa Morocco, ambamo Wasomali ni umati unaokuja mbio kutoka kila kichochoro. Basi umati ule ule umehamishwa, ukavishwa lugha yetu. Kuiga bila kukusudia nako kunaumiza.

Lakini sikusema maandishi haya ni mabovu tu, nasema yana roho mbaya, na nalazimika kuonyesha wapi. Katikati ya gemu mnaingia kwenye mabwawa, kwenye vijiji vya watu walioitwa Ndipaya. Hapo wanatoka watu wenye vinyago na mikuki na sketi za majani, kama katika vitabu vya hadithi vya Wazungu wa miaka mia iliyopita. Sasa katika kijiji hicho, ukitaka kutafuta, utaokota shajara ya kijana mmoja mwenyeji. Ukiisoma unajua yaliyotokea. Watu wa kampuni walikuja kwa jina la kazi ya mafuta na la kuwajali wanakijiji, wakawadunga sindano wakiwaambia ni chanjo. Wanaume wakageuka. Wanawake na watoto miili yao haikuhimili, wakafa. Kijana anaandika kidogo kidogo mpaka akili yake mwenyewe inaondoka. Na kwengineko katika hadithi unaambiwa kuwa miaka ya nyuma, kampuni ya Umbrella iliwafukuza Ndipaya hao kwenye mji wao wa kale kwa ajili ya ua moja linaloota pale, ambalo ndilo lililozaa virusi vyote vya mfululizo huu tangu toleo la kwanza.

Jamani! Hiyo ndiyo hadithi! Msiba wote wa Resident Evil, tangu 1996, umetokana na ardhi iliyoporwa kwa wenyewe na sindano ya hila, na mwandishi analijua hilo, kaliandika kwa mkono wake. Kisha akalificha kwenye karatasi moja ambayo mchezaji anaweza kuikanyaga akapita, na akamrudisha mchezaji kuwaua wale waliodhulumiwa wakiwa wamevaa majani. Angekuwa hajui ningemsamehe. Alijua. Alikuwa na nyama mkononi akatupakulia mifupa.

Na kwa Sheva vile vile. Mwanamke huyu ni mtoto wa wazazi waliokufa kwa sababu ya kiwanda cha Umbrella, akaingia msituni na wapiganaji, akapelekwa Marekani kusoma, akarudi kuwa askari kwao. Historia nzuri kuliko ya Chris, ambaye mwisho wa gemu anapigana ngumi na mwamba, wallahi, mwamba wa jiwe. Lakini gemu inamtumia Sheva kubeba risasi za mwenziwe, na ukikamilisha mambo fulani unazawadiwa nguo yake ya pili: vazi la chui lisilofunika kitu, mwili umepakwa rangi, limeitwa vazi la kikabila. Kabila gani? Hawakutaja.

Msinifahamu vibaya kwamba nataka lugha yetu isiguswe na wageni. Disney mwaka 1994 waliwapa wanyama majina yetu, Simba na Rafiki, wakawaachia waseme Kiingereza, nasi tukanyamaza tukanunua kanda. Lakini kuna mfano mwengine, nao ni wa gemu, tena toleo la nne la mfululizo, wa mwaka ule ule 2005. Civilization IV inafunguka kwa wimbo wa "Baba Yetu", uliotungwa na Christopher Tin, Mmarekani, kwa Kiswahili. Ni sala ya Wakristo, na mimi si Mkristo, lakini mara ya kwanza nilipousikia niliacha pedi mezani nikakaa kimya. Mwaka 2011 ukampatia Grammy, ya kwanza kupewa muziki wa gemu. Huyu naye alikuwa mgeni wa lugha. Tafauti yake ni kwamba alitafuta maneno ambayo watu wanayasema kwa moyo, akayaimbisha kwaya ya sauti za kweli.

Kwa nini nayaandika haya leo, gemu ya 2009? Kwanza, haijafa. Imeuzwa zaidi ya nakala milioni 7, ikatolewa tena kwa mashine mpya mwaka 2016, na kwa Switch 2019, kwa hiyo watoto wanaoicheza sasa wengine hawakuwa wamezaliwa ilipotoka. Pili, Capcom wamekuwa wakiyatengeneza upya matoleo ya zamani, la pili mwaka 2019, la tatu 2020, la nne 2023. Mwenye kujua kuhesabu anajua linalofuata nne. Sijui kama wataligusa, lakini siku wakiligusa wasituambie kuwa hakuna aliyewahi kuwaeleza.

Nasikia wengine wakipendekeza waondoe Kiswahili, waweke lugha ya Afrika Magharibi ili jiografia ikae sawa. Hapana. Hiyo ni kuutoa mzigo mgongoni kwangu kumtwika Mhausa. Mchezo waubakishe kama ulivyo, sina neno nao, na ule uchache wa risasi wasiuguse kabisa. Wamtafute mwandishi anayeota kwa Kiswahili, na wapo, Dar es Salaam, Nairobi, Unguja, hapa Maskati pia. Waamue Kijuju iko pwani gani. Shajara ya yule kijana waitoe kwenye tope, waifanye ndiyo mwanzo wa gemu, tumjue yeye, mama yake na dada zake kabla ya sindano, wakicheka na kusalimiana kwa lugha yao. Halafu mlangoni, kabla risasi ya kwanza haijalia, Sheva akutane na mzee mzima asiye na mdudu mwilini, ampe shikamoo, na mzee aitikie marahaba.